Jani Chungu na Kifua cha Mke Wangu

Mwaka wa 1975, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki na mimi nikatolewa darasa la nne nikabebe mizigo sokoni. Ndugu yangu mdogo akaachwa shuleni. Karo yake ilitoka mgongoni mwangu. Leo yeye ni profesa, anakaa Karen kwa matajiri, anachunguza kemikali za majani. Mimi nauza majani Kenyatta Market. Nani alimsomesha? Hilo halisemi mbele ya watu.

Mke wangu ana pumu. Miaka yote nimemchemshia dawa mwenyewe. Nina majani ya aina mbili; lile chungu nilimpa yeye, lisilo chungu nikawatupia mbuzi. Hata wateja, dawa isipowakunja uso hawarudi.

Jumapili moja ndugu yangu akaja kwangu Uthiru kunywa chai. Mke wangu akamuuliza yeye, si mimi, kwa nini kifua bado kinabana. Bwana profesa akachomoa kalamu, akachora kwenye gazeti langu pete tatu zilizoshikana. Akasema majani yote mawili yana kemikali iitwayo flavonoidi, ila umbo si moja. Ya lile chungu imebebeshwa sukari ubavuni. Ya lile lingine, mahali pale pale, ina mkono mdogo wa oksijeni na haidrojeni. Maabara wanachukua kipande cha koo la pumzi la panya, wanakikaza, halafu wanatia kemikali. Yenye mkono inalegeza msuli. Yenye mzigo wa sukari karibu haifanyi kitu.

"Na uchungu je?" nikauliza.

"Uchungu ni wa ulimi, kaka. Msuli wa kifua hauonji."

"Kumbe shemeji," mke wangu akasema, "wanaopumua vizuri hapa ni mbuzi."

Wakacheka wawili. Mimi sijamchekesha hivyo miaka mingi.

Nikasema basi nitamchemshia lile la mbuzi. Ndugu yangu akakataa: panya si mtu, na majani ya sufuriani hayana kipimo. Shemeji yake atumie inhela, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, na yeye mwenyewe atamnunulia. Hapo nikasimama. Mke wangu anunuliwe pumzi na mwanamume mwingine?

"Kunywa chai yako, profesa. Hapa kwangu nanunua mimi."

Kesho yake nikampeleka hospitali, nikanunua. Anapumua sawasawa. Lakini akibanwa kidogo tu anampigia yeye simu, na mimi nimekaa hapo hapo, nasikia wakicheka. Inaniuma, sifichi.

Leo nina ploti Uthiru, vyumba kumi vya kupangisha, kibanda Kenyatta Market, pikapu moja na ng'ombe wawili. Hakuna hata kimoja nilichopewa na mtu.