Majina Yasiyokuwa na Vina

Jumamosi moja ya juzijuzi niliitwa kuwa jaji wa mashairi mjini Nakuru. Usinicheke, rafiki yangu; mwalimu wa Kiswahili hana mahali pengi pa kualikwa. Nilipewa kiti cha plastiki mbele kabisa, chupa ya maji na karatasi ya alama, kando ya kijana mwenye rasta ambaye naye alikuwa jaji. Akapanda jukwaani msichana wa miaka kama ishirini, hana karatasi mkononi, akaanza kumsimulia mama yake anayeuza viazi kando ya barabara. "Hii viazi iko na gunia ya kujifunika," alisema, "mathe yangu hana." Ukumbi mzima ukampigia vidole badala ya makofi. Kalamu yangu ilikuwa imeshaandika bila kuniuliza: upatanisho wa kisarufi, ondoa alama tano.

Yule kijana wa rasta alichungulia karatasi yangu akatabasamu. "Madam, hiyo si makosa. Hiyo ndio style."

Nilifuta nilichoandika, nikampa msichana alama zake zote. Lakini sikusikia vizuri waliomfuata. Nyanya yangu alikuwa na wimbo wa Kiswahili cha namna hiyohiyo, Kiswahili kisichojali ngeli, na aliyeumaliza wimbo ule ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kichwa kimenivimba kwa sababu ya alama za insha.

Nyanya, ambaye sote tulimwita shosho, aliishi Kabazi, kwenye kipande cha ardhi kilichomegwa kutoka shamba la zamani la mzungu. Wazazi wangu walikuwa na kazi mjini, kwa hiyo mimi nililelewa kule juu, kwenye baridi. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata ng'ombe ungemsikia akitafuna kabla ya kumwona. Tulikunywa chai ya maziwa iliyonuka moshi, tukala viazi vitamu vilivyobaki jana, kisha shosho alifunga kikapu kiunoni na kwenda kuchuma pareto. Siku za likizo nilimfuata. Kama hujawahi kuchuma pareto, basi jua tu kwamba ni maua meupe madogo yenye moyo wa manjano, na kwamba unayachuma moja moja mpaka vidole vinawasha na pua inaanza kutiririka. Tuliyaanika juani juu ya magunia, halafu tukayapeleka kituoni kupimwa na kununuliwa. Yaliyobaki shosho aliyatia chini ya godoro, maana pareto huua wadudu, na sijawahi kuumwa na kunguni maisha yangu yote ya Kabazi.

Wanawake wa mashamba yale walichuma kwa zamu, leo kwako, kesho kwa jirani. Na kwa kuwa mmoja alikuwa Mkikuyu, mwingine Mkalenjin, mwingine ametoka upande wa magharibi akifuata mume aliyeajiriwa reli, lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili. Kiswahili gani? Cha kwao. Shosho alichanganya r na l bila aibu, jirani yetu wa magharibi alivuta maneno kama anayekokota ng'ombe mkaidi, na ngeli zote zilikuwa "hii" na "hiyo". Lakini walielewana kuliko wabunge.

Wimbo wenyewe shosho aliuanza tangu ujana wake. Ubeti wa kwanza ulimhusu mzungu aliyeondoka na piano yake juu ya trekta. Kila msimu uliongezewa kitu. Kulikuwa na ubeti wa mwaka wa njaa na unga wa manjano wa msaada, na ubeti wa karani wa kituoni aliyepima maua huku kidole chake kikisaidia mizani. Mtu yeyote angeweza kuongeza lake, hata kwa lugha ya mama yake, na wengine wakaitikia tu kwa sauti bila kuelewa. Nilipokuwa mdogo niliamini nyimbo zote duniani zinatengenezwa hivyo, kwa kuongezewa kama supu.

Ubeti mmoja ulikuwa na kazi maalumu. Huo ulikuwa wa majina. Shosho alitaja wachumaji mmoja mmoja, na kila aliyetajwa aliitikia kutoka mstari wake. Asiyekuwepo aliitikiwa na wenzake: huyo amejifungua, huyo ana malaria, huyo amekwenda kwao kuzika. Hivyo ndivyo walivyojua nani anahitaji kupelekewa uji au kuni.

Kisha ukaja mwaka wa fujo. Mambo ya wakubwa na kura zao yalipanda mpaka kule kwetu, na familia tano za bonde lile zikakimbia kwa siku moja, zikaacha maua juani na kuku uani. Kina mama watano waliochuma na shosho walikuwa miongoni mwao. Mashamba yao yalipata wenyewe wengine, na kuwataja hadharani halikuwa jambo la busara. Lakini shosho aliendelea kuwaita katika wimbo. Alitaja jina, akanyamaza kidogo, kisha wote wakaitikia pamoja, "Ako njiani." Walifanya hivyo kila siku ya kuchuma, kwa miaka miwili. Mimi nilisikia majina yale mara nyingi kuliko nilivyosikia sala.

Nilipofika darasa la saba tukaletewa mwalimu mpya wa Kiswahili. Alikuwa kijana mwembamba, suti moja, viatu vinavyong'aa kwenye matope yetu sijui vipi, na alipenda ushairi kama watu wengine wanavyopenda mpira. Alitufundisha vina na mizani kwa kupiga rula mezani, silabi nane huku, nane kule. "Shairi lisilopimika ni porojo," alisema, nasi tukaandika kwenye daftari. Sitaki umchukie. Alituambia kwamba mtoto wa shamba akizungumza Kiswahili sanifu hakuna ofisi itakayomcheka, na siku zile hayo yalikuwa kweli. Alitaka kutupa kitu ambacho yeye mwenyewe alikipata kwa shida. Nami nilikipokea kwa mikono miwili, nikawa mjuaji. Nilimsahihisha shosho akiomba chumvi. Nilimsahihisha akisali.

Mwaka huohuo likatangazwa tamasha la tarafa, na vikundi vya kina mama vikaruhusiwa kuingia. Sharti moja: maneno ya wimbo yaandikwe na kuletwa mapema. Shosho alinijia na daftari jipya alilolinunua mwenyewe, akaketi kwenye kigoda karibu na jiko. "Andika," akasema, "mimi nitaimba pole pole." Niliandika. Kurasa sita. Na kesho yake nikampelekea mwalimu, kalamu nyekundu ikiwa mfukoni mwangu mwenyewe.

Tulikaa kwa Jumamosi mbili, mwalimu na mimi. Shosho aliimba, "Hii maua inatumaliza, hii maua inatulisha." Sisi tukaandika:

Maua yatumaliza, ndiyo pia yatulisha,
Vidole twaviumiza, jua nalo latuchosha.

Hesabu, utaona ni nane kwa nane. Niliona raha ambayo siwezi kukueleza, raha ya kuona kitu kilichopinda kikinyooka mkononi mwako. Piano ya mzungu ilikataa kuingia kwenye nane, tukaitoa. Karani na kidole chake tukamwacha nje kwa heshima. Vipande vya Kikalenjin na vya Kiluhya mwalimu alisema vinachafua lugha. Na ubeti wa majina, unaweza kuudhibiti vipi? Jina moja lina silabi mbili, jingine sita, na hayaishii kwa sauti moja. Mwalimu alitaka tuuache ili kuepuka matata pia, akaninong'oneza hilo dirishani. Lakini mimi sikuhitaji kunong'onezwa. Nilikuwa nimeshaupigia mstari.

Siku ya kuwasomea kina mama wimbo wao mpya, walikuja na leso safi kichwani kana kwamba wameitwa kanisani. Niliwaeleza kwamba wimbo sasa una mizani.

"Mizani tena?" jirani yetu wa magharibi akauliza. "Hata kwa wimbo wanataka kutupima?"

Walicheka mpaka mmoja akashika ubavu. Mimi sikucheka, niliona wananipotezea wakati. Nilipomaliza kusoma, shosho aliniuliza, taratibu, mbele ya wenzake, "Na majina?"

"Shosho, majina hayana vina."

Alitazama daftari, ingawa hakujua kusoma. "Haya," akasema. "Wewe ndio umesoma."

"Ndiye," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nimeishi na neno lile moja, rafiki yangu, miaka zaidi ya thelathini. Nimelikumbuka nikiwa nasahihisha mitihani, nikiwa kwenye foleni ya benki, nikiwa naosha vyombo. Laiti ningenyamaza tu.

Walifanya mazoezi kwa wiki tatu. Mwanzoni walijikwaa, maana "yatulisha" na "latuchosha" hayakuwa maneno ya vinywa vyao, lakini walikuwa watu wa kazi na walikariri. Tulikuwa nambari mbili. Walizawadiwa sufuria kubwa ya kikundi, mwalimu akapigwa picha nao, na shosho alinishika bega njia nzima ya kurudi, akiwaambia watu tuliokutana nao kwamba aliyetunga ni mjukuu wake. Nilifurahi mno. Ningekudanganya nikisema niliona kasoro yoyote siku ile.

Kasoro nilianza kuisikia likizo iliyofuata. Shambani waliimba wimbo mpya mara moja, wakafika mwisho, wakanyamaza. Ule wa zamani ulikuwa hauna mwisho. Ungeweza kuimbwa toka asubuhi hadi gunia lijae. Siku nyingine mama mmoja alijaribu kuongeza ubeti juu ya mvua ya mawe iliyopiga wiki ile, na mwenzake akamzuia. "Wacha, hiyo sasa imeandikwa." Shosho aliendelea kuchuma. Nilisubiri awaite wale watano. Hakuwaita.

Nilipokwenda sekondari nikakutana na mwalimu mwingine, mwenye ndevu na hasira, aliyetuambia kwamba vina na mizani ni minyororo ya kale na kwamba nyakati mpya zinataka shairi huru. Nilimpinga mwaka mzima, halafu nikawa mfuasi wake. Nikajifunza kwamba hata orodha ya majina yaweza kuwa shairi. Niliandika hivyo kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Wakaja vijana wa redio na Sheng yao ya mitaani, wazee wakalalamika kwamba lugha inakufa, kisha wazee haohao wakaanza kucheza muziki wa vijana harusini. Kila kundi la washairi limekuja na kalamu yake nyekundu, likiwa na hakika kwamba sasa ndipo watu wamefunguka macho. Mimi nimezishika zote kwa zamu. Kosa la shosho lilikuwa tu kutunga mapema mno, au mimi kusoma mapema mno, sijui.

Shosho alifariki nikiwa chuoni. Pareto ilikuwa imeshakufa kabla yake. Watu waliing'oa wakapanda viazi na mahindi, na kituo cha kupimia kikageuzwa kanisa. Wale watano hawakurudi, au kama walirudi hatukusikia. Daftari lenye zile kurasa sita nilikuwa nimelitupa mwenyewe, mara tu nilipomaliza kunakili wimbo mpya kwa mwandiko mzuri.

Ndiyo sababu Jumapili iliyofuata mashindano ya Nakuru niliendesha gari mpaka Kabazi. Katika wale wachumaji amebaki mmoja tu, jirani yetu wa magharibi, ambaye sasa anatembea na fimbo na anafuga ng'ombe mmoja wa maziwa. Alinikaribisha kwa chai na mahindi ya kuchemsha, akaulizia watoto, akalaumu bei ya lishe ya ng'ombe. Nikamwambia nimefuata wimbo.

"Hiyo naijua yote," akasema, uso ukamchangamka.

"Si ule wa tamasha, mama. Ule wa kwanza. Wenye majina."

"Ile ya makosa?" Alitikisa kichwa. "Hiyo tuliwacha, mwanangu. Wewe ulitufundisha ya ukweli, tukawacha ile."

Nilimwomba angalau majina matano. Alifumba macho, akajaribu kwa muda mrefu. Alimkumbuka mmoja aliyekuwa na kuku wengi, na mwingine aliyekuwa na mwanya na kicheko cha kusikika mbali. Majina hayakuja. "Yalikuwa yanakuja na wimbo," akasema. "Bila wimbo siwezi kuyaita."

Mimi nami nimejaribu. Mengine yote ninayo: baridi ile, harufu ya maua juani, sauti yao wakisema "Ako njiani". Kabla ya neno hilo nasikia pengo tu.

Aliona nimenyong'onyea, akadhani nimechoka na safari, akaamua kunifurahisha. Aliweka fimbo kando, akajinyoosha kwenye kiti kama siku ile ya tamasha. "Sikiza basi," akasema. "Mahali nitakosea, unirekebishe."

Akaimba wimbo wangu wote, toka "Maua yatumaliza" mpaka mwisho, macho kanikazia akingojea sahihisho. Nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya meza, bila kutaka. Hakukosea hata silabi moja.