Saa Arobaini na Moja na Sanduku Lisilolala

"Sanduku hili likiendelea kunivumia sikioni mchana kutwa, nahama mimi," alisema mwanangu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chao, mto kwapani kama mtu aliyeitwa safari ya ghafla.

"Kalale chumbani kwa mama," mkewe akamjibu bila kuinua uso. Jicho moja alikuwa amelifumba, la pili amelibandika lenzi, na mezani mbele yake saa ya mkono ilikuwa imepasuliwa tumbo.

"Kwa mama kuna kuku."

Ni kweli, lakini ni mmoja tu, na anaatamia. Nilikuwa kwenye kochi nafuma kitambaa, nikazidi kuvuta uzi kama si mimi niliyechangia nusu ya ugomvi ule.

Mwanangu ni mwoka mikate. Anaingia kazini jua likizama, anarudi asubuhi nywele zina unga, kisha analala. Ndiyo maana mngurumo wa mchana kwake ni balaa. Na sanduku halikuweza kuhamia popote, kwa sababu waya wa intaneti unaingilia dirisha la chumba chao.

Mkaza mwanangu yeye ni fundi saa, na ufundi aliurithi. Marehemu baba yake alikuwa na kibanda pembeni ya posta, na yeye alikulia chini ya meza ile, akitenganisha skrubu ndogo kuliko mbegu za ufuta. Mzee alipoondoka alimwachia koleo, lenzi, na kopo la biskuti lenye saa arobaini na moja ambazo wenyewe hawajazifuata. Kila saa ina kikadi chenye namba, na mwenyewe aliondoka na pacha wake. "Watakuja," alimwambia. "Wasizikute zimesimama, nitaona aibu hata huko niendako." Basi kila asubuhi mkwe wangu anazitia ufunguo zote. Nimemhesabia: anatumia muda ule ule ninaotumia mimi kuchambua mchele, ila mimi naimba.

Mwaka jana barabara ikapanuliwa, kibanda kikavunjwa. Daftari lenye majina lililoa mvua siku hiyo, wino ukageuka uji. Zikabaki namba tupu, na wenye saa hawajui tena wagonge wapi.

Hapo ndipo kompyuta, hilo sanduku lenyewe, ilipoingia nyumbani. Karani mmoja alikuwa anataka kuitupa, mkwe wangu akaiomba. Kitu chochote chenye skrubu hakimtishi. Aliifungua hapo mezani, akaifuta kwa brashi ya rangi, likatoka vumbi la kujaza foronya. Sitii chumvi, ingawa mtaani wananiita Bibi Chumvi. Halafu akasoma maelekezo wiki nzima, akaitia mfumo wa bure wa kuigeuza seva, akapiga picha kila saa, akaziweka humo na kuandika tunapokaa, ili wenyewe wazione kwa simu zao.

"Si ungeziweka kwenye mitandao kama watu wote?" mwanangu alimuuliza.

"Huko ni kwa wenyewe. Nimeshavunjiwa kibanda kimoja kilichokaa kwenye ardhi ya watu. Hiki kiko chumbani kwangu. Wa kukivunja ni wewe tu."

Mimi sikuvuka mlango wa darasa maishani, lakini kuuliza sikufundishwa na mtu. Nikavuta kigoda. "Hiyo seva inafanya nini hasa?"

"Inakaa macho, mama, inasubiri kuulizwa. Mtu akiwa mbali akiita anwani yetu, inampa ukurasa."

"Haichoki?"

"Haichoki."

"Na huyo mtu anaingilia mlango gani?"

Akanionyesha kisanduku cha ukutani chenye taa za kijani. Alikiamuru kifungue mlango mmoja tu, mingine yote ibaki imefungwa. Taa ikipepesa, ujue kuna mtu anabisha. Basi nikawa nakaa pale na ufumaji wangu, nabashiri: huyu bwana mnene, huyu mjane, huyu anatafuta kitu kingine kapotea njia. Siku ya kwanza alinisomea wageni mia mbili. Nikainuka kubandika chai.

"Kaa, mama. Mia na tisini na tisa ni mashine zinazopita kuchungulia."

"Na huyo mmoja?"

"Huyo ni wewe, ulishika simu yangu."

Niliona kosa liko wapi. Alikuwa ameandika "Namba kumi na saba, mkanda wa ngozi." Nani ataacha shughuli zake kwa mkanda wa ngozi? Nikamwambia kila saa aipe mstari wangu mmoja. Namba nne ni ya bwana harusi aliyekimbia ukumbini na kuacha kiatu, saa na bibi harusi, kwa mpangilio huo. Namba kumi na saba ilimezwa na mbuzi, na mbuzi yule wiki nzima akawa analia kila saa kamili, majirani wakaacha kununua betri za saa. Aliandika huku mabega yanamtikisika kwa kicheko, kisha chini akaongeza: "Maelezo ni ya bibi yetu. Yasiaminiwe."

Mwanangu akasema atavumilia mwezi mmoja. Asipotokea mwenye saa hata mmoja, mnunuzi wa vyuma chakavu atalichukua.

Sasa, lile sanduku halina kioo, halina kibodi. Mkwe anasema halivihitaji. Mimi nililiona kama mtu aliyeachwa uchi mbele ya wageni, nikalihurumia, nikalivisha kitambaa changu cha waridi kama ninavyovisha redio. Likapata joto, likazima; kitambaa nikakivua upesi, lakini siku tatu hakuna taa iliyopepesa. Mkwe alipolifungua alikuta uzi umejisokota kwenye feni. Akauinua kwa koleo, akatazama mapajani mwangu.

"Mama."

"Panya wa siku hizi wanafuma," nikasema.

Hakumwambia mumewe.

Na siku hiyo ya mto kwapani mwezi ulikuwa umeisha. Mnunuzi wa chakavu alikuwa ameambiwa aje alasiri.

"Wamekuja wangapi?" mwanangu aliuliza, safari hii kwa upole.

Mkwe alivua lenzi. "Sifuri. Niongezee siku tatu."

"Kwa nini tatu?"

"Kuna siku tatu lilizima."

"Lilizimwa na nini?"

Alinitazama, akatazama meza. "Joto."

Kopo la biskuti lilikuwa wazi kando yake, saa arobaini na moja zinagonga kama mvua juu ya bati. Nikaweka sindano chini. Nimesema uongo mwingi maishani na sijawahi kukosa usingizi kwa hata mmoja, ila huu ulinishinda.

"Mwanangu," nikaanza, "kuhusu hilo joto..."

Mlango ukagongwa, na mtu akaingia kabla hajaitikiwa. Si mnunuzi wa chakavu. Mzee mrefu, shati limepigwa pasi, simu mkono mmoja, na mkono wa pili kikadi kilichochakaa. Alitutazama mmoja mmoja, akaishia kwangu.

"Nani hapa aliyeandika habari za mbuzi na namba kumi na saba?"

Mwanangu alishusha mto. Mkwe alishaanza kupapasa ndani ya kopo. Nikaokota sindano yangu haraka.

"Hakuwa mbuzi," mzee akasema. "Alikuwa ndama."