Kano za Mishale ya Merip

Merip alikuwa fundi mishale tangu ujana wake, ila meno yalikuwa yamemwisha. Mkewe alipokuwa hai halikuwa neno. Mama yule alitafuna kano za kulungu mpaka zikalainika, mzee akazizungusha kwenye shingo ya kigumba, kile kichwa cha jiwe cha mshale, basi. Mate ndiyo gundi. Zikikauka, jiwe na mti havibanduki.

Sasa mke amezikwa, kwa mila jina lake halitajwi tena, na wapwa wanapanda mlimani kesho kuwinda. Kila mwaka walitoka na mishale ya mjomba wao, wakamletea fungu lake la nyama. Asipowapa mishale, atakuwa mzee wa kulishwa tu.

Hakutaka kumwomba mtu. Akatia mawe ya moto kwenye kikapu cha maji kilichosukwa kisivuje, maji yakachemka, akatumbukiza kano. Zikajikunja, zikawa ute. Kigumba alichokifunga kikaning'inia kama jino bovu.

Akaingia Rekwoi, mke wa mdogo wake, aliyeitwa kwa jina la kijiji alichozaliwa. Akachungulia kikapu.

"Shemeji, leo unatupikia mchuzi wa mishale?"

"Nenda zako."

"Niende na njaa? Nipakulie."

Rekwoi akakitikisa kile kigumba, akaacha utani.

"Mbona hukuniita?"

"Ilikuwa kazi yake."

"Najua. Lakini meno ninayo. Au unaogopa mate yangu yana sumu?"

"Ulimi wako ndio wenye sumu."

Rekwoi akaketi, akachukua kano kavu, akatia mdomoni. Tangu aolewe hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza hivyo. Mzee akapasha utomvu wa msonobari, akakaza vigumba, akapokea kano zingali na joto la mdomo, akazungusha. Zikashika. Nyumba ilikuwa kimya, kimya kile cha zamani, cha mtu mwenye kano mdomoni, na Merip alishukuru kuwa nacho tena.

Mchana mpwa mkubwa akafuata podo la mishale. Akavuta kigumba kimoja kwa nguvu.

"Kimeshika, mjomba. Fungu lako tutaleta."

"Mpelekeeni Rekwoi kwanza, achague. Amenitendea wema."

Rekwoi, mashavu yamejaa, hakuweza kujibu. Akainua vidole viwili: alitaka mafungu mawili.

"Mpeni," akasema Merip, akamkabidhi kano nyingine.