Kumchunguza Mchumba kwa Kamera ya Polisi

Kwetu Olmotonyi, msichana akiposwa, jibu halitolewi haraka. Hutumwa kwanza shangazi. Huenda mtaa wa yule mwanamume kana kwamba anatafuta mbegu za maharage, akakaa na majirani, akauliza: ana hasira kiasi gani, anashinda wapi, nani anamfulia. Mimi sikuwa na wa kumtuma. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikawalea wadogo zangu kwa cherehani, na tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa nikiwachunguzia wao.

Nilipoposwa mwenyewe, umri ukiwa umeshasogea, nilimgeukia mdogo wangu wa kike.

Yeye ni askari. Hukaa mjini katika chumba chenye kiyoyozi akitazama kamera za barabarani, zile ambazo ukipita tu zinaushika uso wako na kuulinganisha na nyingine. Wateja wangu pale Elerai, ninakoshonea, hawazipendi. Muuza ndizi mmoja aliniambia nikiwa nampima kiuno, "Zamani mgambo akikutafuta kwa jina, unajiita jingine. Sasa uso utaubadilisha na wa nani?" Nilicheka naye. Moyoni nilikuwa nawaza kwamba mtoto niliyempangusa kamasi anauona mji mzima akiwa ameketi, nami naona mapindo ya sketi.

Mchumba wangu ni mgane, mfanyabiashara wa ng'ombe. Nilikuwa nimemwona mtaa wa Kijenge akiingia kwenye geti la bluu na kifurushi cha nyama. Mwanamke alimfungulia, akapokea nyama, wakaingia bila salamu, kama watu wa nyumba moja. Mimi hunisalimia kila tukikutana, tena kwa heshima, kama mteja.

Wazee wake walikuwa waje Jumapili baada ya ibada kuchukua jibu. Ijumaa mdogo wangu alikuja nimpunguzie suruali ya kazi.

"Nitafutie uso wa mtu," nikamwambia.

"Wa nani, dada?"

"Wa shemeji yako mtarajiwa. Nijue anakwenda Kijenge mara ngapi, na anatoka na nani."

Alicheka. Alipoona sicheki, akaacha. "Ukitafuta uso mle ndani ya mashine, jina lako linabaki. Wataniuliza ni kesi gani. Niseme kesi ya wivu?"

"Sema ni posa. Hata shangazi zetu walichunguza."

"Shangazi alikwenda kwa miguu yake na watu wakamwona. Huyu hatajua kama ametazamwa."

"Kwani mnaowatazama huwa wanajua?"

Alikunja suruali, akaikunjua. "Wewe ulijua?"

Ndipo akanieleza. Jirani na lile geti kuna kibanda cha kutuma pesa kwa simu kilichowahi kuvamiwa, kwa hiyo mashine hutenga nyuso zinazorudi pale na kusimama. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Siku moja moja nilijifunika khanga hadi puani, na hilo likawatia shaka zaidi; macho yalitosha kunitambulisha. Mkubwa wake aliuliza kama kuna anayemjua mama huyu.

"Ukasema nini?"

"Nikasema ni dada yangu, fundi nguo. Akauliza unafuata nini pale kila mara. Hapo nikakwama." Hakunitazama. "Jumatatu nikiwa sina jibu, watakuita kituoni, na mimi watanitoa kwenye kile chumba."

Wanaume nisiowajua walikuwa wameutazama wivu wangu huku wakinywa chai. Lakini kazi ya mdogo wangu ndiyo niliyoishonea miaka yote ile, na sikuwa tayari kuiona ikipotea kwa ajili yangu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda uso wazi, nikapiga hodi kwenye geti la bluu. Nilimwambia mwenye nyumba kwamba nimeposwa na nimekuja kumuuliza habari za mwanamume anayemletea nyama.

"Umejituma mwenyewe?" akauliza.

"Sina wa kumtuma."

Alinikaribisha chai. Alikuwa mdogo wa marehemu mke wa mchumba wangu, na mtoto wa marehemu alikuwa kwake. Nyama ilikuwa ya mtoto.

"Ni mtu mzuri," akasema. "Anakoroma, na kiporo hali. Baada ya msiba aliniomba mimi niolewe naye. Nikakataa."

Nilimwonea wivu hata kwa kujua kule kukoroma.

Jioni nikampigia mdogo wangu: "Waambie nilikuwa namchunguza mchumba."

"Niwaambie hivyo hivyo, dada? Watacheka."

"Wacheke. Na wakitaka kuhakikisha, wamuulize mwenye geti."

Jumapili wazee walipoketi, nilisema nina swali kwa mchumba kabla ya jibu. "Kabla yangu, ulimwomba nani?"

Aliwatazama wazee wake, kisha akalitaja jina la yule mwanamke. Lilimtoka kwa ulaini, bila kutafutwa. Nikasema nimekubali, ila mtoto ahamie kwangu kabla ya harusi, ili baba yake asiwe na safari tena ya Kijenge.