Taa Ambayo Fundi Hakuizima

Jumamosi nilipeleka pikipiki yangu gereji, mtaani Kabondo. Baba mmoja, papa kama tusemavyo kwetu, akaingia na gari la umeme, taa nyekundu ya breki ikiwaka kwenye dashibodi. Alisema ana haraka ya kuchukua watoto wake nyumbani, akawashushe kivukoni.

Fundi, mama wa makamo, akafunua boneti, akaangalia kikopo cha mafuta ya breki. "Papa, mafuta ya frein iko chini."

"Mafuta?" Papa akacheka. "Maman, hii iko ya courant. Hainywaka mafuta!"

"Hainywaka, lakini inasimamaka na mafuta."

"Bon, ongeza tu, niende."

Fundi hakuongeza. Alichukua ufunguo wa gari, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, kisha akapitisha kidole nyuma ya kila gurudumu. Nyuma ya gurudumu la mwisho kidole kikatoka kimelowa mafuta: mpira unaoyapitisha hadi kwenye breki ulikuwa umepasuka.

"Nikiongeza tu, taa itazima. Alors, na watoto, utasimamia wapi? Mu fleuve, ndani ya maji?"

Fundi alipoanza kufunga mpira mpya, Papa akapiga simu nyumbani: "Mungoje. Gari inajua kutembea, sasa wanaifundisha kusimama."

Mafundi wa kuzima taa upesi tunao wengi. Mimi nilimpenda huyu aliyeiacha iwake mpaka ajue sababu.