Udongo wa Mzeituni wa Yeoville

Kazi iliyonipeleka Johannesburg ilikuwa ya kutoamini watu. Nilikuwa mkaguzi wa madai katika kampuni ya bima kule Midrand, na mshahara wangu ulitokana na swali moja tu: huyu anasema kweli? Gari limeibwa au limefichwa kwa shemeji? Jiko limelipuka lenyewe au limesaidiwa kulipuka? Baada ya miaka kadhaa swali hilo lilikataa kubaki ofisini. Nilirudi nalo nyumbani Randburg kila jioni, na mke wangu alikuwa akisema kwamba hata mayai nayanunua kana kwamba yametoroka mahabusu.

Kwenye miti nilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa na bonsai kama kumi na tano kwenye meza za mbao nyuma ya nyumba. Bonsai ni mti wa kawaida kabisa unaofundishwa kuishi mdogo ndani ya chungu: unapunguzwa matawi na mizizi, unafungwa waya, unasubiriwa. Kinachotafutwa ni uzee. Shina nene, gome lililopasuka, tawi lililokauka na kuwa jeupe. Ukianza na mbegu utazeeka wewe kabla ya mti, kwa hiyo mwenye haraka hutafuta mti uliokwisha kuzeeka mahali pengine akauhamishia kwenye chungu chake. Hapo ndipo matapeli wanapoingia.

Nilishaliwa mara moja. Muuzaji mmoja mwenye tabasamu la kasisi aliniuzia mti wenye shina la kale, jeupe, limejipinda kwa uzuri wa kuumiza. Nilipoubadilishia chungu nikaona kichwa cha skrubu. Mche mchanga ulikuwa umebanwa kwenye gogo kavu, nyufa zikajazwa gundi na vumbi la mbao. Nilikasirika wiki nzima. Tangu hapo sikununua mti bila kisu kidogo na tochi, na kila muuzaji nilimhoji: umeutoa wapi, nani alikuwepo, mbona mizizi imekatwa hivi? Maana wapo pia wanaopanda vilimani kung'oa miti bila kibali, kisha wakakuambia imetoka kwenye bustani ya bibi yao. Wauzaji wa soko la Jumamosi walikuwa wakiniona kwa mbali wanaanza kufunga meza.

Sasa fikiria mtu kama huyo anapewa mti bure.

Ilikuwa mwaka 2017, majira ya baridi yakielekea ukingoni. Fundi wangu wa nguo alikuwa Mkongomani kutoka Bukavu, mwenye chumba cha kushonea nyuma ya nyumba moja kuukuu Yeoville. Nilimpenda kwa sababu suruali zake hazikuwahi kunidanganya. Siku hiyo nilisimama juu ya kigoda anipime pindo, yeye amebana pini midomoni, nami macho yakapita mlango wa nyuma hadi ukutani kwenye ua. Palikuwa na mzeituni mwitu. Mfupi, shina nene kama paja la mtu mzima, limekatwakatwa na kuchipua tena mara nyingi mpaka likawa na vinundu kila upande. Nilisahau kupumua.

"Unaangaliaka nini pale, papa?" fundi akauliza.

Nikamwambia.

"Ile muti? Mwenye nyumba anataka kujenga bachumba pale nyuma, apangishe. Juma ijayo banaikata, banamwanga simenti." Akatoa pini ya mwisho mdomoni. "Mi nakupatia."

"Kwa bei gani?"

"Bure. Bure kabisa. Lakini udongo yake yote uende nayo. Usitupe hata kidogo. Unasikia?"

"Udongo wa nini, fundi? Mimi nina udongo wangu wa bonsai."

"Muti ikihama na udongo yake, haisikie mugeni."

Alisema hivyo bila kunitazama. Alikuwa akitazama shina. Kazini kwetu mtu akikupa jibu zuri huku anatazama pembeni, unaandika alama ya kuuliza kwenye ukingo wa karatasi. Mimi niliiandika kichwani. Mtu wa Yeoville anayekodi chumba, mwenye watoto watatu, anaacha kuuza mti wakati mnunuzi anautazama kwa uchu, kisha anajali udongo kuliko mti? Kuna kitu.

Jumamosi nilikwenda na sepeto zangu. Sikupewa nafasi ya kuzitumia. Fundi alichimba mwenyewe, polepole, kwa koleo dogo na mikono. Alikuwa ametandika shuka chini, na kila donge lililodondoka alilirudisha juu ya shuka. Alipomaliza alifagia shimo kwa brashi. Mkewe, ambaye siku zote alinipokea kwa kelele na habari za kanisani, alisimama mlangoni bila neno, amemshika mkono binti yao mdogo. Mtoto akauliza kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu mti unapelekwa wapi. Mama akamwambia anyamaze. Nikapakia mti, nikapakia gunia la udongo, nikaondoka. Kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, nilijikuta nalitazama gunia kwenye kioo kana kwamba ni abiria.

Nyumbani nilitandika turubai nyuma ya nyumba, nikaanza kuuchekecha ule udongo.

"Umekuwa mchimba dhahabu?" mke wangu akasema kutoka jikoni. "Umechelewa. Wenyewe walishamaliza."

Mwanzoni yalitoka mambo ya uani kwa fundi: vifungo, ncha za uzi, sindano iliyovunjika, kifuniko cha soda. Kisha juu ya chekecheke kikabaki kifundo cha kitambaa cha buluu, kidogo kama kidole gumba, kimeoza nusu, kimezungushiwa uzi mwekundu na kufungwa kwa fundo la makusudi. Hilo halikuwa taka. Taka haifungwi mara tatu.

Nitasema wazi: niliogopa. Mimi mwenye shahada, mimi ninayewacheka watu ofisini wanaodai gari liligongwa na jinamizi, niliingia jikoni kuchukua koleo la kugeuzia nyama ili nisiguse kitambaa kwa vidole. Mke wangu alipokiona akarudi nyuma hatua mbili.

"Choma."

"Siwezi kuchoma."

"Baba watoto, sisi tumeokoka. Kitu cha kufungwa kinazikwa chini ya mti, halafu mti unapewa bure mtu anayefunga miti? Choma kisha tumpigie mchungaji."

Hakuwa amekosea kabisa. Kanisani kwetu nilishasikia minong'ono kuhusu meza zangu. Mama mmoja aliwahi kuniuliza, kwa upole wa kutisha, kama nikiubana mti usikue, kuna mtu mahali fulani naye hakui. Nilicheka wakati ule. Sasa nilijiuliza kama fundi amesikia hayo hayo na ameniona mchawi akaniletea kazi, au ameamua kunijibu kwa uchawi wake.

Lakini ushahidi hauchomwi. Hilo kazi yangu ilinifundisha hadi mifupani. Nikatoa mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, nikatia kifundo pamoja na udongo uliokizunguka, nikabandika lebo kwa Kiingereza kama tunavyofanya ofisini: jina kamili la fundi, mahali kilipotoka, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, neno EVIDENCE, yaani ushahidi. Nikauweka gereji nyuma ya makopo ya rangi. Gunia nalo nikaliegemeza hapo hapo. Mti nikaupanda kwenye sanduku la mbao lenye changarawe safi, usiwe na chembe ya Yeoville.

Kwa nini sikumuuliza? Kwa sababu unayemshuku humwambii umepata nini. Na kwa sababu niliona haya kuwa na hofu.

Septemba ikapita mti ukiwa kimya. Majani ya zamani yakadondoka, mapya hayakuja. Fundi alipiga simu kila mara, na kabla ya kuuliza habari za mke wangu aliuliza habari za mti. "Iko namna gani? Udongo yake iko salama?" Nilimjibu kila kitu kiko salama, kwa sauti ninayotumia kwa wateja nitakaowanyima malipo. Oktoba mijakaranda ikachanua mji mzima, kila kitu kikageuka zambarau isipokuwa mzeituni wangu. Nilianza kuamini kwamba mizizi ilipakwa dawa kabla ya kuchimbwa. Mke wangu akawa anaomba kwa sauti kila anapopita gereji.

Ndipo fundi akasema: "Siku ya Mungu tunakuja. Mi na mutoto."

Walikuja baada ya ibada, fundi amevaa suti aliyojishonea, binti amevaa viatu vya shule vilivyong'arishwa. Mke wangu akatoa chai na mandazi, akakaa karibu na mlango. Fundi hakunywa. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, akaona changarawe, akageuka. Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka namna ile.

"Papa. Udongo iko wapi?"

"Kwanza niambie wewe, fundi. Ndani ya ule udongo kuna nini?"

Alimtazama binti yake, kisha akaketi kwenye ukingo wa meza ya bonsai.

"Kitovu yake," akasema. "Bale bakubwa, bitovu byao biko kwetu, kwa babu yao, chini ya migomba. Huyu alizaliwa hapa. Kilipoanguka sikukuwa na udongo hata ya kufunika kidole. Nikamuzikia chini ya ile muti, mama yake akafunga na kitambaa ya kwanza nilishona mu hii inchi. Ningekuambia, ungekataa, ninyi ba ofisi munasemaka ile ni maneno ya kijiji. Na tena nilikuogopa. Kitovu ya mutoto hauonyeshe mutu. Banasema unafungaka miti. Nikakuchunguza mwaka muzima kila ukija kupima suruali. Nikasema, uyu anangojaka muti, hawezi kutupa mutoto." Akafuta uso kwa kiganja. "Sasa, umetupa?"

Mke wangu alikuwa amefunika mdomo. Yeye ndiye aliyetaka kichomwe, mimi ndiye niliyekishika kwa koleo la nyama, na wote wawili tulijua.

Nilikwenda gereji. Makopo ya rangi yalianguka, sikuyaokota. Nikaleta gunia, nikaleta mfuko.

Fundi aliupokea mfuko kwa mikono miwili. Aliona kifundo cha buluu, uzi mwekundu bado umekaza, udongo wake pembeni. Kisha akaona lebo. Kiingereza chake kilikuwa cha kupimia nguo tu, lakini jina lake alilijua.

"Hata jina yangu umeandika," akasema, na machozi yakamtoka waziwazi. "Umekatengea mahali pake. Umekafunga maji yasiingie. Mungu akubariki, papa. Na mi nilikushuku."

Nikainama kulifungua gunia.

Binti alikuwa amesimama begani pa baba yake akisoma. Yeye Kiingereza kilikuwa chake. Alisoma mstari wa juu, herufi kubwa, akanyanyua macho kwangu, akauliza kwa lugha hiyo hiyo: ushahidi wa nini?

Fundi akanigeukia, akisubiri nimtafsirie. Mke wangu akatazama mandazi.

"Ushahidi kwamba ulizaliwa hapa," nikasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

Fundi akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara nyingi. Lakini mtoto aliendelea kunitazama, kichwa ameinamisha kidogo, vile ninavyowatazama mimi wenye magari yaliyoibwa. Hakuniamini hata kidogo.

"Sharp," akasema mwishowe, vile watoto wa Johannesburg wanavyosema sawa, akapiga magoti kando ya sanduku na kuanza kuondoa changarawe kwa mikono yake.

Mzeituni, ukiwa umerudishiwa udongo wake na kifundo chake, ulitoa jani Novemba, chini kabisa ya shina. Fundi na familia yake walikuwa wakija mara kwa mara, na mke wake akarudia kelele zake na habari za kanisani. Binti kila akifika alipita mbele yangu bila kunisalimia, akaenda kwanza nyuma ya nyumba, akachomeka kidole kwenye udongo na kuhakikisha bado upo.