Mume wa Mama Yangu na Benki ya Wananchi

Mume wa mama yangu alikuwa bibi mmoja mfupi, mwenye ugoro puani na sauti ya kufukuzia kunguru. Jina lake Ghati. Wageni wakisikia hivyo hucheka, kisha hunionea huruma, na mimi huruma ya mtu asiyeuliza kwanza siipendi hata kidogo. Kwa hiyo naeleza mara moja, sitarudia. Ghati aliolewa na Nyamhanga, wakapata mabinti watupu. Nyamhanga alipofariki, ndugu zake walianza kulitazama zizi lake kwa macho ya kupima. Ghati hakungoja. Alitoa ng'ombe wanane katika zizi lile lile, akaenda kwa kina Robi, akalipa mahari, akaoa. Robi ndiye mama yangu. Watoto atakaowazaa ni wa nyumba ya Nyamhanga, na mwenye nyumba ni Ghati. Desturi hiyo kwetu upande wa Butiama ni ya siku nyingi, na inaitwa nyumba ntobhu. Nani alikuwa akipita kumsaidia Mama katika kazi ya kuwapata watoto, hilo haliulizwi, na wewe usiulize.

Mimi ni Justina, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo. Ghati tulimwita Bibi, lakini usidhani alikuwa bibi wa kubembeleza wajukuu. Alikuwa mume kamili. Kiti cha miguu mitatu kilikuwa chake, firigisi ya kuku ilikuwa yake, na Mama alimwita Mzee. Wakigombana, Bibi aliwataja ng'ombe wa mahari mmoja mmoja. "Nilitoa ile nyeusi kwa ajili yako. Nikatoa ya madoa. Nikatoa hata ile ya pembe iliyopinda, na hiyo ndiyo ilikuwa inatoaga maziwa kuliko zote." Sote tulijua maana yake: ng'ombe wale wakirudi kwa Ghati, Mama yuko huru kwenda zake. Siku hiyo niliiogopa kuliko fisi.

Mwaka wa sitini na saba Azimio lilitangazwa na serikali ikayachukua mabenki. Haukupita muda akaja bwana mmoja kutoka wilayani, akasimama mbele ya ghala la pamba la ushirika, akatuhutubia.

"Zamani benki zilikuwa za mabepari," alisema. "Walikopeshana wao kwa wao, mkulima akabaki nje anapigwa jua. Leo benki ni mali yenu ninyi wananchi. Wekeni fedha zenu humo, taifa lijenge viwanda, na viwanda vinunue pamba yenu."

Bibi akanyoosha mkono. "Kama ni mali yangu, ufunguo wake nachukulia wapi?"

Yule bwana akacheka. Akaingia kueleza riba, kwamba pesa ikikaa benki inazaa.

"Inazaa na nani?" Bibi akauliza. "Ng'ombe yangu inazaaga mbele ya macho yangu, na dume namjua. Hiyo yenu inazaa gizani na dume haijulikani."

"Ghati," akasema jirani yetu Wankyo kwa upole, "hilo la dume kutojulikana, wewe ndiye wa kulisema?"

Watu walicheka mpaka mkutano ukaharibika. Bwana wa wilaya alidhani wanamcheka yeye, akaondoka na Landrova yake kabla ya kula.

Lakini Mama alikuwa amesikiliza. Alikuwa na kashamba kake ka pamba, na pesa zake alizifunga kwenye kitambaa akazificha ukutani. Wiki chache baada ya mkutano alikwenda kuzichukua, akakuta udongo laini na kona moja ya noti. Mchwa walikuwa wamemaliza msimu mzima.

"Ng'ombe hailiwi na mchwa," Bibi alisema, na hakuficha furaha yake. "Ungenunua ndama."

"Ningenunua ingekuwa ya nani?"

Jibu lilikuwa wazi. Kila chenye kwato kilichoingia zizi lile kilikuwa chake. Chungu, jembe, hata kuku, vyote vilikuwa vya nyumba, na nyumba ilikuwa Ghati. Hapo ndipo Mama alipokata shauri la kwenda benki.

Tulisafiri na lori la ushirika lililopeleka pamba kiwandani Musoma. Bibi alikaa mbele na dereva, kwa kuwa ni mume. Mama na mimi tulikaa juu ya magunia. Bibi alisema anakwenda kumsalimia bintiye Nyangi aliyeolewa Mwisenge pale mjini, lakini kumbe alitaka kuiona hiyo benki iliyokuwa mali yake.

Karani aliyetupokea aliitwa Eliasi, kijana wa Upare, mpole, aliyechana nywele zake kwa ufundi. Alimuuliza Mama jina, kijiji, kazi, kisha akafika pale pabaya.

"Umeolewa, mama?"

"Nimeolewa."

"Basi kwa utaratibu wetu hapa, mwanamke aliyeolewa huja na ruhusa ya mume wake."

"Amekuja," Mama akasema, akamwonyesha Bibi.

Eliasi akachungulia nyuma ya Bibi kumtafuta mwanamume. Nyuma ya Bibi palikuwa na ukuta.

"Huyu ni mama mkwe wako," alisema.

"Ni mume."

"Bibi, samahani sana, lakini wewe ni mwanamke."

"Najua," Bibi akasema. "Nilikuwaga mwanamke kabla wewe hujazaliwa. Lakini ng'ombe nilitoa mimi. Wewe mke wako ulimtolea ngapi?"

"Mimi bado sijaoa."

"Basi nitafutie mtu aliyeoa, tuongee."

Eliasi alikwenda kumwita meneja. Kwa bahati meneja, Bwana Magesa, alikuwa mtu wa Manyamanyama pale Bunda, na mambo yetu hayakumshangaza. Alimwamkia Bibi kwa heshima, akamuuliza ukoo, akamuuliza kama mahari ilifika, na kama kuna mashahidi.

"Ukoo mzima walikunywa pombe," Bibi akajibu. "Wengine mpaka leo hawajapona."

"Eliasi," Bwana Magesa akasema, "huyu ni mume. Andika."

Nilimwona Bibi akirefuka. Serikali ya nchi huru, ndani ya jengo lenye kioo, ilikuwa imemtambua. Eliasi akachovya kalamu, akamgeukia kwa adabu mpya kabisa. "Basi, Mzee, unamruhusu mke wako afungue akaunti?"

Bibi akakunja mikono.

"Hapana," akasema.

Foleni nzima iligeuka kututazama. Bwana Magesa alitazama viatu vyake. Mama aliinuka, akajifunga kanga yake upya, akatoka nje, na mimi nikamfuata nikiwa na hasira mpaka macho yananiwasha. Bibi alikuwa amegombea kuwa mume ili apate kitu cha kukataa.

Kwa Nyangi kule Mwisenge tulipikiwa sato, na hakuna aliyesifia mchuzi. Mwishowe Bibi akatema mwiba, akasema bila kuulizwa.

"Mimi naogopa. Zizi naliona. Hicho kitabu sioni ndani yake. Siku moja utanirudishia ng'ombe zangu zimegeuka karatasi, uchukue watoto, mimi nibaki na shemeji zangu."

"Mzee," Mama akasema, "mtu akitaka kuondoka anaondokaga hata kwa miguu. Mimi nataka kitu kimoja tu chenye jina langu. Kimoja. Hata kama ni karatasi."

Nyangi akaweka bakuli chini. "Mama, huyu unamtesa. Wewe umekuwa mume mbaya kuliko marehemu baba, na baba alikuwa mbaya."

Asubuhi Bibi alitutangulia benki. Alipoambiwa aweke dole gumba alilikandamiza mpaka meza ikalia, na Mama akapewa kitabu chake chenye jina lake: Robi. Alikibeba kifuani chini ya kanga, na njia nzima mkono wake haukutoka pale.

Toka hapo kila msimu wa pamba tulikwenda Musoma watatu. Mama alikwenda kuweka, Bibi alikwenda kukagua. Alikikagua kile kitabu kama mtu anayekwenda kutazama ng'ombe aliowaacha kwa rafiki.

"Imezaa?" alimuuliza Eliasi.

Mwanzoni Eliasi alieleza asilimia. Baadaye alijifunza. "Imezaa kidogo, Mzee. Mwaka huu mvua zilikuwa haba."

"Msiibane sana," Bibi alisema, akaridhika.

Mwaka wa sabini na moja ikapita sheria mpya ya ndoa. Tulipofika msimu uliofuata, Eliasi alimweleza Bibi kwa uangalifu kwamba sasa mwanamke aliyeolewa ana mali yake, na pale benki hawaulizi tena ruhusa ya mume.

"Nilipokuja kuwa mume mlikataa," Bibi akasema. "Sasa nimekuwa mume, mmefuta waume."

Alinuna njia nzima mpaka Kiabakari. Kukagua hakuacha.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba zilipangwa mstari, shule ikaja, zahanati ikaja, na hayo nayasifu, maana uuguzi wangu ulianzia pale. Lakini ng'ombe wa watu wote walisongamana malisho mamoja, na kupe nao wakafanya ujamaa wao. Ugonjwa wa ndigana ukaingia. Ng'ombe wa Bibi walianguka mmoja baada ya mwingine, na yeye akakaa kwenye kiti chake akilitazama zizi likipanuka. Yule wa mwisho alipokufa, Bibi aliacha kumgombeza Mama. Tulimsikitikia, na mimi nilitamani angalau anitukane. Alikuwa mume asiye na ng'ombe, na mume wa namna hiyo kwetu ni mtu wa kusogezwa.

Siku ya mnada Mama aliniambia nimsindikize Bunda, na kabla ya hapo tulipitia Musoma. Eliasi alimuuliza mara mbili kama kweli anataka kutoa karibu fedha zote. Alitaka.

Mnadani tulimpata Jilala, Msukuma mwenye maneno mengi, aliyekuwa na ng'ombe wazuri. Mama alichagua mweusi. Akachagua wa madoa. Aliendelea kuchagua kama mtu aliyetumwa, akifuata rangi, hatazami unono. Ndipo nikaelewa anachofanya. Nilizifahamu zile rangi. Nilikua nikizisikia kila ugomvi.

"Bado mmoja," Mama akasema. "Wa pembe iliyopinda."

Jilala akamvuta jike safi lenye pembe sawasawa. "Mama, chukua hii. Ya nini kununua kasoro?"

"Nataka kasoro."

"Nitakupunguzia bei kwa hii nzuri."

"Na mimi nitakuongezea kwa mbaya."

Jilala alizunguka mnada mzima akiwaambia wenzake kuna mama amechanganyikiwa, anatafuta ng'ombe kilema kwa bei ya mzima. Wakamletea watatu wa kuchagua.

Tulifika nyumbani siku ya pili nikiwa nimelia njia nzima kimya kimya. Mama aliwaingiza zizini wote wanane. Bibi alisimama langoni akawatazama. Hakuhesabu, alisoma. Alipofika kwa yule wa pembe iliyopinda alishika mti wa lango.

"Umemaliza," akasema.

"Nimemaliza, Mzee."

"Basi ni haki yako. Utaondoka lini?"

"Niende wapi, na mtama haujavunwa?"

"Ng'ombe zimerudi, Robi."

"Ng'ombe ndiyo zimerudi," Mama akasema. "Mimi sijasema narudi kwetu. Nilitaka siku moja nikae hapa kwa sababu nimeamua kukaa."

Bibi alitafuta ugoro wake, akaukosa na ulikuwa mkononi. Mwishowe akasema yule wa madoa kanunuliwa ghali, na kwamba Wasukuma wamemwibia. Jioni alichinjwa jogoo, na ile firigisi Bibi aliikata katikati.

Msimu uliofuata mmoja wa wale wanane alizaa dume, mwingine naye akazaa dume. Walipokua Bibi akawauza, akatwambia ndigana imemtia akili: ataacha mguu mmoja kwenye majani na mwingine kwenye karatasi. Tukaenda Musoma tena watatu, na safari hii Mama alikaa mbele na dereva.

Eliasi alikuwa amenenepa na kuoa. "Ulitoa ngapi?" Bibi akamuuliza kabla ya salamu, naye akakiri anaendelea kulipa kwa mafungu. Kisha akatoa fomu. Ili kufungua akaunti, alisema, lazima uje na mteja wa zamani anayekufahamu, na benki iandike huyo ni nani kwako.

"Ni huyu," Bibi akasema.

"Ndiyo, lakini niandike ni nani?" Kalamu yake ilisimama hewani. Habari za wale ng'ombe wanane zilikwishafika mjini, na maskini Eliasi hakuthubutu kuandika neno la zamani, mke. Bibi alimtazama Mama.

"Andika ndugu," akasema.

"Ndugu wa damu, Bibi, au ndugu wa Chama?"

"We andika ndugu tu. Hiyo ingine tunajuaga sisi."

Eliasi akaandika, akamgeukia Mama. "Na wewe, Mama Robi, unakubali afunguliwe?"

Mama akakunja mikono. Akatuacha hivyo, foleni nzima imegeuka kututazama, Bibi dole gumba lake limekwishapakwa wino.

"Namruhusu," akasema.